Zamu ikifutwa, nani anapoteza kazi? Kisa cha kiwanda cha magari cha Lordstown

Jumatano ya tarehe 6 Machi 2019, Chevrolet Cruze nyeupe ilitoka kwenye kiwanda cha General Motors (GM) cha Lordstown, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani. Ilikuwa ya mwisho. Kamera za televisheni zilikuwa zimejaa getini, na dunia ikaambiwa kwamba kiwanda kilichodumu kwa zaidi ya miaka 50 kimesimama. Ila ukihesabu ajira, siku ile ilikuwa pigo la tatu. Miaka miwili na ushee kabla yake kiwanda kilikuwa na watu kama 4,500. Januari 2017 wakaondoka takribani 1,200. Juni 2018 wakaondoka wengine karibu 1,500. Waliobaki kuiona Cruze ya mwisho walikuwa kama theluthi moja tu ya wenzao, na yale mafungu mawili ya mwanzo yaliondoka bila kelele nyingi nje ya Ohio.

Ndiyo maana habari hizi husomwa vibaya. Kampuni inatangaza kuwa inapunguza uzalishaji, magazeti yanaandika idadi ya walioachishwa, kisha mjadala unahamia kwenye kutafuta mchawi: Mexico, roboti, chama cha wafanyakazi, rais aliyeko madarakani. Kila mmoja ana sehemu yake. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao anayeeleza kwa nini kazi zinapotea kwa maelfu kwa mkupuo, wala kwa nini mtu ambaye hajawahi kukaza nati hata moja ya gari naye anajikuta hana kazi. Kwa hilo inabidi kuingia ndani, kwenye mstari wenyewe wa kuunganishia magari.

Mstari ule unatembea muda wote. Kila mfanyakazi ana kituo chake: huyu anafunga kiti cha mbele kushoto, yule anaunganisha nyaya chini ya dashibodi, mwingine yuko kwenye magurudumu. Gari linafika mbele yako, una muda mfupi wa kufanya kazi yako, linaondoka, linaingia jingine. Sasa tuseme wateja wamepungua kwa theluthi moja. Duka la nguo lenye wauzaji watatu linaweza kumpumzisha mmoja na maisha yakaendelea. Kiwanda cha magari hakina nafasi hiyo, kwa sababu ukimwondoa anayefunga kiti cha kushoto, magari yote yatatoka bila kiti cha kushoto. Inawezekana kupunguza mwendo wa mstari na kugawa upya majukumu, na kampuni hulifanya hilo mara nyingine, lakini kupanga upya mamia ya vituo ni kazi ya gharama. Isitoshe, umeme, tanuri za rangi, bima na madeni ya mitambo havipungui eti kwa sababu magari yamepungua. Gharama ni zilezile, magari ya kuzibeba ni machache. Wanaofuatilia sekta hii hutumia kipimo cha jumla cha asilimia 80: kiwanda kinachotumia chini ya hapo ya uwezo wake kiko kwenye hatari ya kula hasara.

Kwa hiyo kinachokatwa si watu wa hapa na pale, ni muda. Kwanza inaondoka ovataimu, na kwa familia nyingi hilo peke yake ni pigo, maana mkopo wa nyumba ulichukuliwa kwa kuhesabu Jumamosi za kazi. Halafu zinakuja wiki za kufunga: watu wanarudi nyumbani wiki moja, mbili, tatu, ili magari yaliyorundikana kwa wauzaji yapungue. Yasipopungua, inafutwa zamu nzima. Kati ya wiki za kufunga na kufuta zamu hakuna ngazi ya kukanyaga. Ndiyo sababu takwimu hushuka kwa ghafla, 1,200 leo, halafu kimya cha mwaka mzima na zaidi, halafu 1,500.

Na zamu ya usiku ikifutwa, anayeondoka si lazima awe mtu wa zamu ya usiku. Katika mikataba ya chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, haki hufuata miaka ya utumishi. Mkongwe wa miaka 25 aliyekuwa zamu ya tatu anahamia zamu ya kwanza, na kijana aliyekuwa kwenye nafasi hiyo anasukumwa nje. Hapa pana kinaya ambacho sioni kikizungumzwa vya kutosha. Mkataba wa mwaka 2007 ulikuwa umeruhusu kampuni kubwa za magari za Detroit, GM ikiwemo, kuwaajiri watu wapya kwa karibu nusu ya mshahara wa wakongwe. Kwa hiyo zamu inayotangulia kufutwa huondoa wafanyakazi wa bei nafuu na kubakiza wa bei ghali. Wastani wa gharama kwa kila mfanyakazi unapanda, na gharama za mitambo kwa kila gari zinapanda pia. Kiwanda kilichopunguzwa ili kipone kinatoka kwenye upasuaji kikiwa dhaifu zaidi machoni pa wahasibu wa Detroit, na kukikata mara ya pili kunakuwa rahisi kukitetea mezani.

Cruze yenyewe haikuwa gari baya. Ilianza kutengenezwa Lordstown mwaka 2010, wakati GM ndiyo kwanza imetoka kwenye ufilisi wa Juni 2009 na Wamarekani bado wanakumbuka petroli ya dola 4 kwa galoni ya mwaka 2008. Gari dogo lisilonywa mafuta lilikuwa jibu la maswali ya wakati huo, na zamu tatu zikajaa. Mwaka 2014 Cruze zilizouzwa Marekani zilikuwa kama 273,000. Katikati ya mwaka huohuo bei ya mafuta ghafi duniani ikaanza kuporomoka, na mteja wa Marekani akarudia mapenzi yake ya zamani: gari kubwa, refu, lenye kiti cha juu. Mwaka 2018 Cruze zilizouzwa zilikuwa kama 142,000.

Lordstown ilitengeneza Cruze tu. Hiki ndicho kiini cha mkasa wote, na ndicho kinachosahaulika watu wanapobishana kuhusu roboti. Kipindi kilekile ambacho Lordstown ilikuwa inapunguza watu, viwanda vya GM vinavyotengeneza pikapu kubwa, kama Flint na Fort Wayne, vilikuwa na kazi tele. Kampuni ni ileile, chama ni kilekile, mishahara inafanana. Tofauti ni gari lililopangiwa kiwanda. Na upangaji huo hufanywa makao makuu miaka kadhaa kabla, kwa sababu mitambo ya modeli mpya huchukua muda kujengwa. Mwezi Juni 2018, zamu ya pili ya Lordstown ilipokuwa inaaga, GM ilitangaza kwamba Chevrolet Blazer mpya itatengenezwa Ramos Arizpe, Mexico. Mfanyakazi wa Lordstown aliweza kuwa hodari kuliko wote duniani, asiwe na la kufanya juu ya hilo.

Tarehe 26 Novemba 2018 mkurugenzi mkuu Mary Barra akatangaza mpango mkubwa: viwanda vitano vya Amerika Kaskazini, Lordstown kikiwemo, havitapangiwa bidhaa ya kutengeneza, na zaidi ya ajira 14,000 zitaguswa, nyingi zikiwa za maofisini. Lengo lilikuwa kuokoa dola bilioni 6 kufikia mwisho wa 2020. Bei ya hisa za GM ilipanda siku ileile. Kumbuka kampuni haikusema inafunga. Mkataba na UAW ulikataza kufunga kiwanda kabla ya mazungumzo mapya, basi Lordstown ikabaki kiwanda halali kisicho na kazi, na wafanyakazi wake wakabaki miezi kadhaa hawajui kama waendelee kungoja au wauze nyumba. Mwaka mmoja na ushee kabla ya hapo, Julai 2017, Rais Trump alikuwa amesimama jukwaani katika mji wa Youngstown, si mbali na hapo, akiwaambia watu kazi zitarudi na wasiuze nyumba zao. Mwaka 2019 wafanyakazi karibu 48,000 wa GM waligoma kwa siku 40, na Lordstown ilikuwa moja ya hoja zao. Mkataba ulipotiwa saini Oktoba, jibu lilikuwa kwamba kinafungwa moja kwa moja.

Sasa tutoke getini. Kiwanda cha magari hakiweki akiba kubwa ya vipuri. Ghala ni pesa iliyolala. Vitu vikubwa vyenye aina nyingi, hasa viti, huletwa saa chache kabla ya kufungwa, tena kwa mpangilio uleule ambao magari yanakuja: la ngozi, la kitambaa cheusi, la kijivu. Kazi hiyo haifanyiki kutoka mbali. Anayetengeneza viti lazima awe jirani, na jirani huyo mara nyingi ana mteja mmoja tu. Viti vya Cruze vilitoka kwenye kiwanda cha Magna palepale Lordstown. Mstari mkubwa ukipungua zamu, jirani naye anapunguza zamu wiki hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wa kwa jirani mara nyingi analipwa kidogo zaidi, hana nafasi ya kuhamishiwa Texas, wala hakuna kamera inayokuja getini kwake. Nyuma yake wako madereva wa malori, wapangaji wa vipuri kwenye maghala, wafagiaji, walinzi, wapishi wa kantini.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa anaweza kuuliza mbona kwetu hatuoni mtikisiko wa namna hiyo. GM hiyohiyo, katika wimbi lilelile la kujiondoa kwenye masoko yasiyoilipa, iliuza hisa zake asilimia 57.7 za General Motors East Africa kwa Isuzu mwaka 2017, na kiwanda cha barabara ya Mombasa kikaendelea na malori na mabasi yake chini ya jina jipya. Lakini hata kama kingeyumba, mawimbi yake yangekuwa madogo kuliko ya Lordstown, kwa sababu sehemu kubwa ya gari linalounganishwa Kenya hufika bandarini limefungwa ndani ya makasha. Wapo watengenezaji wa ndani wa vitu kama springi na betri, ila si msururu wa viwanda vya jirani vinavyoishi kwa pumzi ya kimoja. Serikali zetu zinapodai vipuri vingi zaidi vitengenezwe nchini, zinadai kitu kizuri. Zijue tu kwamba zinanunua na mtikisiko wake.

Baada ya vipuri zinafuata pesa za mishahara. Mfanyakazi mkongwe wa Lordstown alilipwa karibu dola 30 kwa saa au zaidi, na pesa hizo hazikukaa benki. Zilikwenda kwa fundi wa paa, kinyozi, daktari wa meno, mgahawa ulio kando ya barabara, sadaka ya Jumapili. Ndiyo maana wachumi huzungumzia kuzidishwa kwa ajira: kazi moja inayoleta pesa kutoka nje ya eneo hulisha kazi nyingine ndani ya eneo. Kinyozi hawezi kulisha mji kwa kuwanyoa vinyozi wenzake; lazima kuwe na mtu anayeingiza pesa kutoka mbali, na Lordstown ilikuwa inauza magari nchi nzima. Watafiti wa chuo kikuu cha Cleveland State walipopiga hesabu ya zamu zote tatu pamoja na wanaozitegemea, walikadiria eneo lile lingepoteza zaidi ya ajira 7,000. Makadirio ya aina hii yana utelezi wake, na kila upande huchagua namba inayoufaa, lakini mwelekeo haubishaniwi.

Kuna jambo jingine linalochanganya. Mtu anaweza kutazama takwimu za ukosefu wa ajira za eneo hilo mwaka mmoja baada ya kufungwa, akasema mbona hali si mbaya sana. Takwimu hiyo huwahesabu wanaotafuta kazi mahali walipo. Aliyehama hayumo. Aliyestaafu mapema hayumo. Mamia ya wafanyakazi wa Lordstown walipewa nafasi kwenye viwanda vingine vya GM: Flint, Fort Wayne, Bowling Green huko Kentucky, Spring Hill huko Tennessee, Arlington huko Texas. Aliyekubali alipata msaada wa kuhama. Aliyekataa alihatarisha mafao aliyobakiza, na kama alikuwa na miaka 27 kazini akisubiri 30 ya kustaafu, hapakuwa na chaguo la kweli. Wengine walikwenda peke yao, wakapanga chumba na wenzao watatu, na kuendesha gari saa nyingi kurudi nyumbani mwisho wa wiki, huku mke au mume akibaki na watoto na wazazi wazee. Katika karatasi za serikali huyo ni mtu mwenye kazi. Katika shule ya kijiji chake, wakiamua kuhamia wote, ni watoto wawili waliopungua darasani, na fedha za shule huko hutegemea idadi ya wanafunzi na kodi ya majengo, na jengo kubwa kuliko yote lilikuwa kiwanda chenyewe.

Watu wa bonde la Mahoning, eneo lile la Lordstown na Youngstown, walikuwa na kumbukumbu ya kulinganishia. Tarehe 19 Septemba 1977, siku wanayoiita Jumatatu Nyeusi, kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya mtambo wake wa Campbell, na ajira kama 5,000 zikaenda. Viwanda vingine vya chuma vikafuata. Kwa miaka 40 Lordstown ndiyo iliyokuwa inasemwa kwamba angalau bado ipo.

Serikali ya jimbo haikuwa imekaa tu. Ohio iliipa GM nafuu ya kodi ya zaidi ya dola milioni 60, kwa ahadi kwamba shughuli zitaendelea pale kwa miaka mingi. Ahadi ilipovunjika, mwaka 2020 jimbo liliamua GM irudishe dola milioni 28 na kutumia milioni 12 kwa miradi ya jamii na mafunzo. Kwa maoni yangu huo ni ushindi unaostahili kusomwa na kila serikali inayogawa misamaha ya kodi, maana nyingi husahau kabisa kuandika kifungu cha kurudishiwa. Lakini tazama pia ukubwa wake: milioni 28 kwa kampuni inayopanga kuokoa bilioni 6. Kifungu kinachomrudishia mtoaji chini ya nusu ya alichotoa hakimzuii mtu kuondoka. Kinampa tu bei ya kuondokea.

Kuhusu kilichokuja badala yake, stori ni ndefu na nusu yake haifai kupotezewa muda. Jengo liliuzwa mwaka 2019 kwa kampuni changa iliyojiita Lordstown Motors, kwa dola milioni 20, nayo ikaahidi pikapu za umeme. Ikatengeneza chache sana, ikauza kiwanda kwa Foxconn ya Taiwan mwaka 2022 na kufilisika Juni 2023. Hiyo ndiyo sehemu ya kusahau.

Sehemu ya kutazama ni kiwanda cha betri cha Ultium, kando ya kile cha zamani, kilichojengwa na GM pamoja na LG ya Korea Kusini kwa dola bilioni 2.3 na kuanza kazi Agosti 2022. Hapo palikuwa na ajira za kweli, zaidi ya elfu moja. Lakini kisheria ilikuwa kampuni nyingine, nje ya mkataba wa GM na UAW, na mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 16.50 kwa saa. Ukiangalia idadi ya watu tu, unaweza kusema sehemu nzuri ya pengo imezibwa. Ukiangalia bahasha ya mshahara, ni watu wawili kwa bei ya mmoja, na yule kinyozi na yule fundi wa paa wanaijua tofauti. Desemba 2022 wafanyakazi walipiga kura kujiunga na UAW, 710 wakikubali na 16 wakikataa. Mgomo wa UAW wa 2023 ukawaingiza kwenye mkataba mkuu, na makubaliano ya Juni 2024 yakaweka njia ya kufikia dola 35 kwa saa mwaka 2027. Ilichukua miaka kurudisha mshahara ambao zamani ulikuwa wa kawaida ng'ambo ya uzio.

Halafu, tarehe 30 Septemba 2025, ruzuku ya serikali kuu ya dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme ilikoma. Mauzo ya magari hayo yalishuka, na mwishoni mwa Oktoba GM ikatangaza kusimamisha utengenezaji wa seli za betri pale Ohio kuanzia Januari 2026 kwa takribani miezi sita. Wafanyakazi 850 waliambiwa ni kwa muda, 550 wakaambiwa ni kwa muda usiojulikana. Wa kundi la kwanza waliendelea kuhesabiwa kama watu wa kiwanda na walikuwa na mwezi wa kuuangalia kwenye kalenda. Wa kundi la pili walibaki na namba zao kwenye orodha ya utumishi, nayo orodha inaanza kuitwa kutoka juu, kwa wenye miaka mingi. Katika kiwanda kilichofunguliwa 2022, aliye chini ya orodha alikuwa mtu aliyeajiriwa juzi, pengine akiwa ameacha kazi nyingine palepale kaunti ya Trumbull kwa ajili ya zile dola 35.